Wauza ndege Kariakoo mmezidi: "dume wa kuongea" ni jike, na "dawa ya ulimi" ni pilipili

Wakuu heshima kwenu. Uzi una povu, asiyependa povu apite kimya kimya.

Nawazungumzia wale kasuku wadogo wa kijani, bluu na njano, wenye michirizi myeusi kichwani na mgongoni. Jina lao baji, ila hapa Dar tumezoea kuwaita lavubedi, na hao lavubedi wenyewe nitawafikia. Kuwafuga sina shida nako. Shida yangu ni huu utapeli wa "mama, huyu anaongea".

Mchezo wao uko hivi. Ukifika kibandani, mbele kabisa limetundikwa tundu dogo lenye ndege mmoja wa bluu, msafi, kazoea watu. Akiona mteja anaporomosha, "Habari bosi, habari bosi, karibu karibu." Mtoto uliyeongozana naye anaruka juu, umeshakwisha hapo. Ukiuliza bei unaambiwa huyo hauzwi, "huyo ni mwalimu wao". Kisha muuzaji anapenyeza mkono kwenye tundu kubwa la nyuma walikorundikana, anamkamata aliye karibu na mlango, anamsokomeza kwenye boksi la viatu lililotobolewa matundu. "Huyu ni mdogo wake yule, damu moja, dume la miezi miwili. Mwezi hauishi atakuamkia shikamoo." Na bei inapanda hapo hapo, kwa sababu ni "wa kuongea". Risiti hamna. Nilipouliza asipoongea nirudi wapi, nikajibiwa kiumbe hai hakirudishwi.

Mwanangu yuko darasa la tatu, alishapanga na maneno: "Karibu mgeni." Kila asubuhi kabla ya basi la shule anasimama mbele ya tundu, jioni tena. Ndege anamtazama tu. Alichokijua yule ndege ni kutafuna. Katafuna fito za kusimamia, katafuna pazia, katafuna kona ya kalenda, na ukiingiza kidole anakitoboa. Kelele anazo, tena za kukwaruza, ila neno hata la kusingiziwa hakuna.

Jamaa mmoja wa Tabata anayezalisha hawa ndege alipopita nyumbani hakuuliza hata jina lake. Alimwangalia usoni, akacheka mpaka akakaa chini. Sasa nawaandikia alichonionyesha, mkienda sokoni mwende nacho.

Juu ya mdomo wa baji pana kinyama laini chenye matundu mawili ya pua. Dume mzima, kinyama hicho ni cha bluu, kinang'aa. Jike mzima ni cha kahawia, na akikaribia kutaga kinakuwa kinene, kinabanduka maganda. Kwa makinda ndipo wanapotupigia. Kinda dume pua yake ni ya waridi inayoelekea zambarau, rangi moja pote. Kinda jike ana weupeweupe unaozunguka yale matundu. Ukipenda wale weupe tupu au njano tupu wenye macho mekundu, kuwa makini zaidi, maana dume wao hapati ile bluu, hubaki na waridi mpaka uzeeni. Umri nao unaonekana. Kinda michirizi yake inashuka kwenye paji mpaka inagusa pua, na jicho lote ni jeusi. Akishabadilisha manyoya ya kwanza, kwenye miezi mitatu au minne hivi, paji linakuwa tupu, na baadaye jicho linapata kipete cheupe.

Wangu? Pua kahawia yenye maganda, paji jeupe, kipete cheupe kwenye jicho. Jike, tena mtu mzima, pengine keshalea wajukuu. Na jike wa baji kuongea ni bahati nasibu. Wapo wanaookota neno moja mawili, ila wanaoongea kweli ni madume, hasa aliyechukuliwa angali kinda na akakaa na watu. Muuza ndege halijui hili? Analijua vizuri kuliko mimi, ndiyo maana pale mbele kaweka dume!

Nikarudi kibandani. Nilitegemea ataona haya. Akaniuzia dawa.

Ndiyo, dawa. Kichupa cha plastiki kisicho na jina wala tarehe, ndani unga wa rangi ya chungwa, "wa kulainisha ulimi", unachanganya kwenye maji yake. Nilifungua nikanusa, nikapiga chafya mpaka machozi. Pilipili kichaa iliyosagwa. Sasa sikilizeni: ndege hahisi ukali wa pilipili kama tunavyouhisi sisi. Porini wanakula pilipili mbivu bila wasiwasi na kwenda kuzisambaza mbegu. Kwa hiyo hata huo uongo wa kwamba "inamchangamsha" hauna pa kusimama. Hapo umenunua kiungo cha mboga kwa bei ya dawa ya hospitali.

Kijana wake aliyekuwa pembeni akaongeza kwamba ikishindikana nimletee, "kuna kaukucha kwenye ulimi kanakatwa na wembe". Hapa ndipo nilipopandisha, nikasema maneno ambayo humu mods watayafuta. Sauti ya ndege haitengenezwi kwenye ulimi. Inatoka chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kuingia kwenye mapafu mawili. Ulimi anautumia kumenyea mbegu. Mkate ulimi, atavuja damu, atashindwa kula, atakufa, na wewe utarudi kununua mwingine. Ukiangalia vizuri hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Ushauri wao mwingine ni wa hivyo hivyo. "Mtundike jikoni asikie watu wakiongea." Jikoni kwetu uswahilini ni mkaa, na mapafu ya hawa ndege hayavumilii moshi; hata kikaango kile kisichoshika, kikiachwa motoni kikaungua, hewa yake inaua ndege ndani ya nyumba. "Basi mtoe barazani." Barazani kuna kunguru, na kunguru wa Dar hamhitaji kusimuliwa. "Basi mnunulie mwenzake, ana upweke." Huo wa mwisho ndio unaoudhi zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli. Baji ni ndege wa makundi, peke yake siku nzima kwenye nyumba tupu ni mateso, na mimi sasa nimemtafutia mwenzake kwa ajili hiyo. Ila wewe umeniuzia ndege wa kuongea na watu, halafu unaniuzia wa pili ambaye watapiga soga wenyewe kwa kibaji chao na kunisahau? Sema ukweli, mteja achague.

Muuzaji huyu huyu alinitajia habari za ndege wa Marekani aliyejua maneno zaidi ya elfu moja. Hiyo ni kweli, sibishi. Aliitwa Puck, alikuwa California, na kitabu cha rekodi cha Guinness cha mwaka 1995 kilimwandika kwa maneno 1,728. Uingereza nako kulikuwa na Sparkie Williams, aliyeshinda mashindano ya BBC ya mwaka 1958. Wote wawili madume! Wote wawili walikaa majumbani na watu waliozungumza nao siku hadi siku. Hakuna aliyepewa pilipili. Ukitumia sifa za Puck kuniuzia jike la pua ya kahawia, hiyo inaitwaje?

Yule jamaa wa Tabata anaye dume anayeongea, nimemsikia kwa masikio yangu. Sauti nyembamba, ya haraka, kama redio ya betri inayokaribia kuisha. Usipotega sikio utadhani analia tu. Dawa yake ni nini? Alimchukua akiwa amejitegemea kula juzi tu. Kwanza akamzoesha mkono, siku nyingi bila kumsemesha chochote cha maana. Halafu neno moja, lile lile, sauti ile ile, asubuhi na jioni tundu likiwa usawa wa uso, televisheni imezimwa. Ilikuwa miezi, si wiki. Kioo hakuweka, maana ndege akipata kioo anaongea na yule wa kwenye kioo. Na bado ndege alijichagulia mwenyewe cha kushika. Hiyo "habari za asubuhi" aliyofundishwa anaitafuna tafuna, lakini "umeme umekatika", ambayo hakuna aliyemfundisha, anaitamka mpaka majirani wanakwenda kuangalia luku zao.

Sasa hao lavubedi. Kuna dada mmoja wa Mbagala kauziwa ndege wa kijani, kifua cha chungwa, mdomo mwekundu, mkia mfupi, kaambiwa ni "kasuku wa kuongea, wa daraja la juu". Yule ni lavubedi wa Fischer, ndege wa kwetu kabisa, wa huko Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Kuongea kwake ni nadra kuliko hata jike la baji. Baji asili yao ni Australia, walifikishwa Uingereza na John Gould mwaka 1840 na wanazalishwa matunduni tangu zama hizo, kwa hiyo kuwauza si kesi. Huyu wa Fischer ni wanyamapori wetu. Kumnasa porini na kumuuza bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Dada wa watu kalipa pesa ndefu, kaambulia ndege bubu na uwezekano wa kuulizwa kibali asichokuwa nacho. Muuzaji anazidi kula bata.

Najua mnaotaka kuandika "mjini shule" na "pole dada, umeingizwa mkenge". Andikeni, ila mkimaliza mniambie kwa nini anayeuza gari bovu tunamwita tapeli na anayeuza ndege kwa uongo tunamwita mjanja.

Jike langu siliuzi, mwanangu keshampa jina na wameshazoeana kwa kutafuniana daftari. Ila "Karibu mgeni" bado tunaitaka. Mwenye kinda dume, pua ya waridi na zambarau, michirizi ikigusa pua, na awe Dar hapa hapa niweze kuja kumwona, anitafute inboksi. Picha ya pua kwanza, bei baadaye.