Parka ya kike ya baridi: manyoya ya bata, nyuzi za poliesta au bitana ya kuchomoa? Naomba tulinganishe

ShonaPolepole (mwenye mada)

Habari zenu wakuu. Nachora parka, yaani koti refu lenye kofia, ya kike ya majira ya baridi. Si ya kupanda milima, ni ya kila siku: kutembea kwenda kazini, kusimama kituoni kusubiri basi, kuinama kumfunga mtoto viatu, siku ya theluji kavu na siku ya theluji inayoyeyuka njiani. Nataka mvaaji apate joto, mikono yake iwe huru, na umbo lake lisimezwe na koti. Michoro imebaki mitatu:

A: inafika chini ya goti, imejazwa manyoya laini ya bata, imeshonewa mistari ya kulala mwili mzima.

B: inafika katikati ya paja, imejazwa nyuzi za poliesta, nje haina mistari.

C: ganda la nje lisilopitisha maji, na ndani bitana nene inayochomolewa kwa zipu.

Moyo wangu uko A kwa sababu ya wepesi wake. Waliowahi kushona au kuvaa, leteni hoja. Bei tuiache kando kwanza.

BitanaNene

Dada, kwa uzito uleule A inazishinda zote kwa joto, hilo halina ubishi. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujanunua manyoya.

La kwanza ni ile namba ya kufutuka: 550, 650, 800. Inakuambia aunsi moja ya manyoya, yaani gramu 28 hivi, ikiachwa ifutuke inajaza inchi za ujazo ngapi. Wengi wanaisoma kama kipimo cha joto la koti, na sivyo. Koti lenye gramu nyingi za manyoya ya 600 linaweza kulishinda lenye gramu chache za 800. Namba hiyo inakusaidia kujua wepesi tu. Joto utaliamua mwenyewe kwa gramu utakazotia kila kipande. Kifua na mgongo uvijaze vizuri, mikono kiasi, kwapani karibu usiweke kitu. Kwa koti la mjini 650 yanatosha kabisa.

La pili ni hiyo mistari. Tangu Mmarekani Eddie Bauer apate hataza ya koti lake la manyoya mwaka 1940, kazi ya mistari ni ileile: kuzuia manyoya yasiteremke yote pindoni. Lakini mshono ukipenya kutoka nje hadi ndani, mahali hapo hapana unene tena, na baridi inapita hapohapo. Kuna wanaoweka kuta ndogo za kitambaa kati ya nje na ndani. Zinaziba ule ufa, ila koti linanenepa mno. Mimi ningeshona mistari kwenye tabaka la ndani tu, halafu juu yake nikapitisha ganda laini ambalo sindano haijalitoboa. Joto linabaki, na kwa nje linaonekana koti la heshima, si godoro.

Kitambaa kinachoshika manyoya kiwe kimefumwa kwa kubana sana, la sivyo yatachomoza kwenye mishono na kubaki kwenye sweta.

NjiaYaMatope

Mimi nasimama na B, na sababu ni hiyo theluji inayoyeyuka uliyoitaja mwenyewe. Baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni kavu, manyoya yanaifurahia. Baridi ya kwenye sifuri ndiyo mbaya: chenga za theluji zinageuka maji mabegani, mkanda wa mkoba unayasukuma ndani, na manyoya yakishalowa yanashikamana mafungu mafungu. Yakishikamana hayafutuki, na yasipofutuka hakuna hewa iliyonaswa, basi hakuna joto.

Nyuzi za poliesta zikilowa zinabaki na sehemu kubwa ya unene wake. PrimaLoft, aina mojawapo ya nyuzi hizo, ilibuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya Jeshi la Marekani kwa sababu hiyohiyo, walitaka kitu cha kushika nafasi ya manyoya ambacho kikilowa bado kina joto. Tena unaifua mashineni bila wasiwasi. Koti la mtu anayesimama kituoni ningelitia gramu 200 kwa mita ya mraba mwilini na kama 130 mikononi.

Ubaya wake nausema pia: ni nzito zaidi kwa joto lilelile, na kadiri miaka inavyokwenda nyuzi zinalala na hazinyanyuki tena. Manyoya yaliyotunzwa vizuri yanadumu kuliko hizo.

TabakaTatu

Naitetea C kidogo kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Si wazo geni. Parka ya Jeshi la Marekani ya mwaka 1951, ile yenye pindo la nyuma lililopasuliwa katikati, ilikuwa ganda jembamba lenye bitana ya kuchomoa. Faida yake ni msimu mrefu: unaianza mvua za vuli, unaifikisha baridi kali, unarudi nayo bila bitana theluji ikiisha.

Hasara ziko kwenye kushona. Zipu mbili sambamba kifuani zinafanya mbele pawe pagumu, na mikono ya bitana inajikunja kila unapovaa isipofungwa kwa kitanzi na kifungo kwenye kifundo cha mkono. Kwa mwanamke anayetaka umbo, hilo la kifua kugoma kulala ndilo lingenifanya nifikiri mara mbili.

MlangoWaUpepo

Wote mmesema kweli kuhusu kilicho ndani ya koti. Lakini koti halipotezi joto katikati ya mgongo, linalipoteza kwenye matundu yake: shingoni, kwenye vifundo vya mikono, pindoni na kwenye zipu. Ukitia manyoya bora kuliko yote duniani na ukaacha shingo wazi, umepasha hewa ya nje.

Waliotupatia vazi hili walilijua hilo mapema. Parka za Wainuiti, wenyeji wa Aktiki huko kaskazini kabisa mwa dunia, za ngozi ya karibou (mnyama wa jamii ya kulungu) hazikuwa na ufunguzi mbele hata kidogo, zilivaliwa kwa kupitishwa kichwani. Zilivaliwa mbili: ya ndani manyoya yakielekea mwilini, ya nje manyoya yakielekea nje, na kati yake hewa. Na ya mwanamke, amauti, ninaistahi kuliko vazi lolote la baridi. Mgongoni ina mfuko wa mtoto, kofia yake ni pana inawatosha wawili, na mabega yamekatwa makubwa makusudi ili mama aweze kumzungusha mtoto hadi kifuani na kumnyonyesha bila kuvua koti. Aliyeikata alianza kwa kuuliza mwanamke huyu mikono yake inafanya nini siku nzima. Dada ShonaPolepole, na wewe umeanza hapohapo, kwa hiyo endelea hapohapo.

Nikija kwenye koti lako. Zipu iwe ya meno makubwa ya plastiki, namba 8 au 10, yenye vichwa viwili ili ifunguke na kutoka chini. Nyuma yake weka ulimi wa kitambaa wenye ujazo ndani yake, upana wa vidole vitatu, unaofika hadi kidevuni, na ncha yake ya juu ikunjwe ifunike kichwa cha zipu kisiguse ngozi. Ukingo wa ulimi huo ushonee utepe mgumu, maana ukiwa laini utaliwa na meno ya zipu kila asubuhi. Kivutio kiwe kirefu, kishikike na glavu nene.

Mikononi ficha kipande cha kufuma kinachobana kifundo cha mkono, kama sentimita sita ndani ya ukingo, kisionekane nje. Kofia iwe na kamba mbili: moja kuzunguka uso, nyingine kisogoni. Ile ya kisogoni ndiyo inayofanya kofia igeuke pamoja na kichwa. Bila hiyo, ukitazama pembeni kuvuka barabara unatazama bitana.

NjiaYaMatope

Na manyoya ya ukingo wa kofia? Ni urembo tu au yana kazi?

MlangoWaUpepo

Yana kazi. Yanauvunja upepo kabla haujafika shavuni, na hewa ya mbele ya uso inatulia. Watu wa Aktiki walipendelea ya wolverini, mnyama mla nyama wa huko, kwa kuwa umande wa pumzi ukiganda juu yake unapangusika kirahisi. Ya bandia yanafanya kazi ya upepo vizuri tu, ila yawe ya kuchomoa, kwa sababu yakilowa yanakaa baridi karibu na uso.

KiunoNaMfuko

Mimi nizungumzie umbo, maana "ya kike" mara nyingi ni ya kiume iliyopunguzwa na kutiwa mkanda. Mkanda wa nje kwenye koti la manyoya unayakandamiza kiunoni, na yaliyokandamizwa hayana joto. Kiuno kitengeneze kwa kukata: vipande vya pembeni vipungue kiunoni na vipanuke nyongani, na vyumba vya manyoya pale kiunoni viwe vyembamba kuliko vya juu na chini. Kamba ya kukazia iweke ndani, kwenye bitana, ibane hewa bila kubana manyoya.

Mifuko, tafadhali, iwe mifuko ya kweli. Mlango wake uwe pale mkono unapofika kiwiko kikiwa kimelegea, si chini ya mbavu. Ndani pande zote mbili weka kitambaa chenye joto, kwa sababu mgongo wa mkono nao unahisi baridi. Glavu pamoja na mkono vitoshe humo. Na mfuko mmoja wa simu ndani kabisa karibu na mwili, betri inachoka haraka kwenye baridi.

Urefu wa chini ya goti ni mzuri ukisimama. Ukipanda ngazi au ukikaa kwenye gari unageuka gunzi lisipopasuliwa pembeni.

ShonaPolepole (mwenye mada)

Nimewasoma wote na nashukuru sana. Mchoro mpya ni huu: urefu unaishia vidole vinne juu ya goti, mipasuo miwili pembeni yenye vifungo vya kubana. Mwilini manyoya ya 650 ndani ya ganda lisilo na mistari. Mabegani, kwenye kofia na ncha za mikono, yaani panapolowa kwanza, nyuzi za poliesta. Bitana ya kuchomoa nimeiacha.

Maswali mawili. Kinga ya maji ya kitambaa cha nje nichague ipi? Na vipimo nichukue vipi ili unene usinidanganye?

TabakaTatu

Kinga ya maji: agiza isiyo na kemikali za PFAS. California imezikataza kwenye nguo mpya nyingi tangu Januari 1, 2025, na Ufaransa tangu Januari 1, 2026, na haziozi kwenye mazingira. Zisizo nazo zinazuia maji vizuri, ila mafuta na uchafu vinazishinda mapema zaidi, kwa hiyo mwambie mvaaji afue koti na kulipaka upya kinga.

BitanaNene

Vipimo: mpime mtu akiwa amevaa sweta lake zito. Halafu kumbuka unene unaliwa kwa ndani. Ujazo wa sentimita 2 kuzunguka mwili unapunguza mzunguko wa ndani kwa kama sentimita 12 na nusu. Kwa hiyo koti la majaribio usilishone kwa kitambaa kitupu, litie pamba au nyuzi za unene uleule utakaotumia. Kwapani ongeza kipande cha umbo la almasi. Kisha mwambie anyooshe mkono juu kama anayeshika bomba la basi, na utazame pindo: likipanda zaidi ya vidole viwili, tundu la mkono limekatwa chini mno. Lipandishe karibu na kwapa kabla hujagusa kitambaa chenyewe.