Seramu yangu ya vitamini C inageuka rangi ya chai ndani ya siku kumi, nakosea wapi?

binti_wa_tegeta
Habari za humu wadau. Naomba ushauri maana nimekwama na hela ya malighafi inaisha. Natengeneza sabuni na mafuta ya nywele nyumbani huku Tegeta, namshukuru Mungu zinatoka, sasa kastoma wangu wengi ni akina dada waliochoka na mikorogo, uso umeshababuka wanataka kitu cha kuwarudishia ngozi bila kuwachubua, ndo nikaingia kwenye seramu ya vitamini C.

Nilichoweka: asidi askobiki (ndo vitamini C yenyewe) asilimia 20, niasinamaidi (aina ya vitamini B3) 5, asidi feruliki (ya kuisaidia vitamini C isiharibike) nusu, vitamini E nimetoboa vidonge vya famasi, asidi hayaluroniki, maji ya chai ya kijani niliyochemsha mwenyewe na manjano kidogo. Maji ni ya kisima, nimechemsha nikachuja kwa kitambaa. pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) ilisoma 2 na kitu nikaogopa itaunguza watu, nikapandisha na bekingi soda mpaka 5 kwa sababu nimesoma ngozi yetu iko kwenye 5. Vyote nilichanganyia kwenye sufuria ikiwa bado ya moto. Kihifadhi sijaweka maana niliambiwa vitamini E inatosha.

Siku ya kwanza ilipendeza kwelikweli. Siku ya kumi imekuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mafuta yamepanda juu yameweka duara, chini kuna vichembe kama chumvi ukivisaga kwa kidole havilainiki, na ule uzito wake umeisha imekuwa majimaji. Kastoma mmoja kanitumia picha ncha za vidole zimekuwa kahawia. Nimemrudishia hela yake na nimeziondoa zote mezani. Hawa dada wameshaumizwa vya kutosha huko walikotoka, sitaki na mimi niwe mmoja wao. Msaada jamani.

mama_krimu
Pole dada. Mimi mwaka wa tatu kwenye hizi kazi. Punguza kwanza hiyo listi, umeweka vitu saba vizuri ambavyo kila kimoja kinataka mazingira yake. Asidi askobiki inataka pH ya chini ya 3.5, niasinamaidi inatulia kwenye 5 mpaka 7. Ukiziweka chupa moja lazima mmoja aumie. Tena niasinamaidi ikikaa kwenye asidi kali na joto inabadilika kidogokidogo kuwa niasini, ile inayofanya uso uwe mwekundu na kuwasha, kastoma atakwambia seramu yako imemletea aleji.

Na hayo manjano toa kabisa, rangi yake inakuficha usione seramu inaharibika lini.

mzee_maabara
Mdogo wangu umefanya jambo la maana sana kueleza kila kitu, wengi huja hapa wanasema "imeharibika" basi. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, ngoja nikupitishe taratibu.

Hilo la kupoteza uzito ndo limenishtua kuliko hata rangi. Uzito ulikuwa unatoka kwenye asidi hayaluroniki, na ikikatikakatika haraka hivyo mbele ya vitamini C, mimi nashuku madini kwanza, chuma au shaba. Maji ya kisima ukiyachemsha unaua vijidudu, chuma haiendi popote, tena maji yakipungua kwa mvuke inabaki nyingi zaidi kwa kila lita. Chembe ndogo tu ya chuma au shaba inatosha kuharakisha vitamini C kuoksidaizi, yaani kuharibiwa na oksijeni. Tafuta maji yaliyosafishwa kwa mvuke na uweke EDTA asilimia 0.1, yenyewe inayashika hayo madini yasifanye kazi.

Pili ni ile bekingi soda. Asidi askobiki ina mstari wake karibu na 4.2. Chini ya hapo sehemu kubwa inabaki asidi yenyewe, inatulia na inapenya ngozi. Kwenye 5 zaidi ya asilimia 80 imeshageuka askobeti, yaani chumvi yake, hiyo inaoksidaizi upesi na kwenye ngozi inaingia kwa shida. Mtafiti Pinnell na wenzake walionesha mwaka 2001 kwamba inataka pH chini ya 3.5, na kwamba ukishapita asilimia 20 ngozi haipokei zaidi. Kwa hiyo wewe uliogopa uchachu ukaondoa kilekile kinachofanya kazi. Lenga 3.0 mpaka 3.3, usishuke zaidi maana utawasha watu kweli.

Vile vidole kuwa kahawia ni kwamba vitamini C ikivunjika mwisho wake inatoa erithrulosi, na hiyo ndo inayowekwa kwenye losheni za wazungu za kujipaka waonekane wameota jua. Haijamuunguza, itatoka yenyewe ngozi ya juu ikibanduka, siku kadhaa tu. Mwambie asisugue.

binti_wa_tegeta
Mzee asante sana, hilo la vidole limenitua mzigo, nimempigia sasa hivi nimemweleza. Maji ya betri yanafaa? Ndo ninayoyaona madukani.

mzee_maabara
Mengine ni maji safi kabisa na mengine ni tindikali, na chupa zinafanana na zinakaa shelfu moja. Usihatarishe uso wa mtu. Nenda duka la vifaa vya maabara ununue ya lita tano yenye lebo inayoeleweka.

kibokoni_msa
Dadangu hapa Mombasa joto ni kama lenu, nami nililia na mambo hayohayo. Hivyo vidonge vya vitamini E soma nyuma, vingi vimeandikwa tokoferili asetati. Asetati haina kazi ya kulinda ndani ya chupa, mpaka ifike kwenye ngozi ikatwe ndo iamke. Halafu imechanganywa na mafuta ya soya ndiyo sababu inaelea. Tafuta alfa tokoferoli yenyewe, na uiyeyushe na polisobeti 80 (inayounganisha mafuta na maji) kwanza mpaka iwe kitu kimoja ndipo umimine kwa maji.

Na hivyo vichembe vya chini naapa ni feruliki. Haipendi maji kabisa. Ichukue na ethoksidaiglikoli (kiyeyusho chake), pasha kidogo mpaka iwe kama glasi, halafu maji unayatia polepole huku unakoroga. Ukimwaga kwa pupa inarudi kuwa mchanga mbele ya macho yako, mimi nimemwaga bachi nne hivyo.

chuma_ulete88
Kihifadhi weka sodiamu benzoeti, bei rahisi na inafanya kazi vizuri kwenye asidi.

mama_krimu
Hapana mkuu, hapo nakupinga. Benzoeti na vitamini C zikikaa pamoja, kukiwa na madini na joto, zinaweza kutoa benzini, kemikali ya kuleta saratani, watu wa vinywaji vya soda waliwahi kusumbuka sana na jambo hilo. Atumie fenoksiethanoli, isizidi asilimia 1. Na dada uelewe vitamini E inazuia mafuta yasichache, bakteria na ukungu haiwajui. Yale maji ya chai ya kijani bila kihifadhi ni chakula cha ukungu.

mzee_maabara
Mama krimu amesema kweli. Sasa chukua hii kwa gramu 100, ni ule mchanganyiko wa chuo kikuu cha Duke cha Marekani wa mwaka 2005, vitamini C 15, vitamini E 1 na feruliki nusu, ambao kwenye ngozi ya nguruwe feruliki ilipoongezwa kinga dhidi ya jua ilipanda kutoka mara nne mpaka karibu mara nane. Hivyo vingine nimejaza mimi. Asidi askobiki gramu 15, alfa tokoferoli 1, feruliki 0.5, ethoksidaiglikoli 10, propilini glaikoli 5, polisobeti 80 gramu 4, glisarini 2, fenoksiethanoli 0.8, EDTA 0.1, maji 61.6 na hapo utatoa kidogo kwa ajili ya kurekebisha pH. Vitamini C iingie kila kitu kikiwa kimeshapoa, isione moto. pH pandisha kwa matone ya kostiki soda iliyozimuliwa asilimia 10, vaa glavu na miwani, tone moja koroga pima.

Mzani wa jikoni hautakufaa, unaruka gramu nzima. Nunua ule wa masonara unaosoma mpaka 0.01. Na zile karatasi za pH zinadanganya sana kwenye 3, tafuta mita ya pH na uiseti kwa maji yake maalumu ya pH 4.01 kabla ya kupima.

Chupa iwe ya kahawia, jaza mpaka shingoni, na kama mfuko unaruhusu tumia ya pampu isiyoingiza hewa, maana ile ya kitonesho kila ukifungua unaingiza oksijeni mpya.

kibokoni_msa
Mimi naongeza tu, kwa biashara ya kukaa dukani bila friji asidi askobiki itakutesa. Mimi ya kuuza nimehamia sodiamu askobili fosfeti, aina nyingine ya vitamini C, inakaa kwenye pH 6 na kitu, hapo niasinamaidi unaitia bila ugomvi. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya asidi yenyewe sitakuficha, lakini kastoma anamaliza chupa ikiwa bado nzuri. Ile ya asidi naitengeneza kwa oda peke yake.

binti_wa_tegeta
Wadau nimerudi baada ya wiki tano. Nimefanya kama mzee alivyoandika, bachi ya gramu 100, nikagawa chupa tatu, moja friji, moja kabatini, moja juu ya friji kule nyuma kunakopata joto. Kila Jumapili nadondosha tone moja moja kwenye karatasi nyeupe napiga picha. Ya juu ya friji wiki ya pili ilikuwa kama mafuta ya alizeti na sasa hivi imeshafika rangi ya asali. Ya kabatini ni njano hafifu. Ya friji ukiiweka pembeni ya maji ndo unaona imebadilika kidogo sana. Hakuna duara la mafuta wala mchanga kwenye hata moja. pH imebaki 3.2 zote, hiyo imenishangaza.

Nimeamua ya asidi nitauza kwa oda, chupa ndogo za mililita 15, tarehe ya kutengenezwa naandika kwa mkono na nawaambia ikae friji, ikiwa rangi ya asali watupe. Ya kukaa dukani naanza kuijaribu ile ya fosfeti ya kibokoni. Na wote nawaambia sanskrini (krimu ya kukinga jua) asubuhi iko palepale, seramu haichukui nafasi yake. Kabla sijatoa hata chupa moja nafuata mambo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), maana vipodozi viko kwao tangu 2019.

Mzee swali moja, mbona pH haijashuka na rangi imebadilika hivyo?

mzee_maabara
Kwa sababu asidi iliyobaki bado ni nyingi mno kuliko iliyoharibika, na yenyewe ndo inashikilia pH. Rangi inaonekana mapema sana hata kikiharibika kidogo. Kwa hiyo kwenye hii usitegemee mita ikuambie imekufa, endelea na karatasi yako nyeupe ya Jumapili. Na ile ya juu ya friji usiitupe, ifikishe miezi mitatu ndo utajua ya kuandika kwenye lebo.