Nimeuziwa tairi la miaka 7 kama "jipya", fundi naye akanipunguzia upepo. Nusura wanangu wafe

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Juzi saa nane mchana, jua la utosini, lami inafuka, tairi la nyuma kulia limetuchanikia tukiwa kwenye mwendo wa 100. Watoto wawili wamelala kiti cha nyuma. Hakukuwa na msumari wala shimo. Ngozi ya juu yote, ile yenye meno, ilibanduka kutoka kwenye nyaya za chuma zilizo ndani ya tairi, ikapiga bodi na kung'oa madigadi. Gari lilihama upande wa pili wa barabara. Tumepona kwa sababu tu hakuna aliyekuwa anakuja.

Matairi hayo niliyanunua mwaka 2024 na sijamaliza mwaka nayo. Yalikuwa yanang'aa, vinyweleo vya mpira bado vipo, stika ipo. Baada ya mikono kuacha kutetemeka ndipo nikapiga magoti nikasoma ubavuni. Kwenye maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu 4 za mwisho ni 1117. Wiki ya 11, mwaka 2017.

Nikampigia muuzaji. Akanijibu, "Kaka, tairi halijatembea, linaozaje?"

Linazeeka! Mpira unaliwa na oksijeni na ozoni hata likiwa limetundikwa ukutani, na joto linaharakisha kazi hiyo. Haya yangu yalikuwa yamepangwa nje, juani, sijui kwa misimu mingapi. Watengenezaji kadhaa wa magari wanasema badilisha likifika miaka 6 hata kama meno yamejaa, na Michelin, watengenezaji wa matairi wenyewe, wanasema lisivuke 10 kwa hali yoyote. Sasa mtu ananiuzia lililokwisha kula 7 halafu ananiita kaka.

Lakini fundi ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu nilimwamini. Wiki mbili kabla alinikuta nina psi 33 (psi ndicho kipimo cha upepo), gari limetoka safari, matairi ya moto. Akasema, "Joto hili punguza, weka 27, upepo utajiongeza wenyewe." Nikakubali. Wangapi humu mmeambiwa hivyo hivyo?

Ni kinyume kabisa. Tairi lenye upepo pungufu linalala, ubavu unajikunja kila linapozunguka, na huko kujikunja ndiko kunakopika joto ndani mpaka mpira unaachana na nyaya. Upepo kupanda safarini ni kawaida, karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, na waliopanga kipimo walilijua hilo. Ndiyo maana kipimo ni cha tairi baridi: asubuhi kabla hujaondoka, au gari likiwa limekaa saa 3. Kinasomwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ile namba ya ubavuni ni kikomo cha juu, msijazie hiyo.

Na hili si jambo geni. Agosti 2000 kampuni ya matairi ya Firestone huko Marekani ilirudisha matairi milioni 6.5, mengi ya magari ya Ford Explorer, baada ya kubanduka ngozi vile vile kama langu. Ajali nyingi zilitokea kwenye majimbo ya joto, Texas, Arizona, Florida. Ford ilikuwa imependekeza psi 26, na Firestone ikasema ni kidogo mno. Miaka yote hii imepita, na bado fundi anamtoa mtu upepo mchana wa jua kali kana kwamba anamsaidia!

Matairi mengi yana herufi A, B au C pembeni ya neno TEMPERATURE. A ndiyo inayostahimili joto zaidi. Nilimuuliza muuzaji herufi hiyo ni ya nini, hakujua. Anauza matairi kila siku na hajui! Wengine wanauza mitumba yenye alama ya mlima na theluji, mpira laini uliotengenezwa kwa ajili ya baridi, unaolika haraka kwenye lami ya moto. Mnunuzi haambiwi.

Nataka arudishe hela ya matairi yote manne, yana tarehe ileile. Aliyewahi kudai akafanikiwa anieleze alianzaje.

Na tairi la akiba, lile nililofunga pale barabarani ili niwafikishe watoto nyumbani, nimelisoma leo asubuhi. 0812.