Niache harusi nifungue studio? Wapiga picha wa Dar naombeni ushauri

MamaLensi
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Dar, makazi Mbagala. Nilianza kwa kuwabebea watu taa, nikanunua kamera yangu, sasa jina lipo na simu inaita. Kinachonishinda ni mwili na hela.

Jumamosi ya harusi naanzia saluni asubuhi: shela imetundikwa mlangoni, bibi harusi anabandikwa kope, matron anatafuta pini. Kutoka hapo kanisani, ufukweni, kisha ukumbini mpaka MC aamue kutuachia. Saa saba usiku niko nje ya geti na begi la vifaa mgongoni, mwanamke peke yangu, nabembeleza dereva akubali kwenda Mbagala. Jumapili mwanangu ananikuta nimelala.

Upande wa hela, kamati inatoa advansi, balansi "baada ya shughuli". Kuna kamati imenizungusha juzijuzi. Mweka hazina anasema kamati imeshavunjwa, nimtafute bwana harusi. Bwana harusi anasema si yeye aliyenipa kazi. Albamu yao ipo kabatini kwangu.

Sasa nimepata fremu ya biashara Sinza, laki tatu kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi. Nawaza nipige picha za studio tu: familia, wajawazito, mahafali, picha za wasifu za watu wa maofisini. Niache harusi jumla?

Mzee wa Negativu
Pole mwanangu. Mimi nimepiga tangu enzi za filamu, mkanda una picha 36, na kama bwana harusi kafumba macho utajua ukishasafisha. Studio zilitulisha kwa sababu watu hawakuwa na kamera majumbani. Leo kila mtu anayo mfukoni, hivyo anayefunga safari kuja studio anakuja kwa sababu anakujua wewe. Amekujulia wapi? Harusini. Bibi harusi uliyempiga akapendeza atarudi na ujauzito, kisha na mtoto wa arobaini au wa ubatizo, halafu joho la chekechea. Ukikata harusi zote, miaka miwili mbele utakuwa unapiga pasipoti saizi.

Kipanga Tabata
Mzee, heshima kwako, ila mimi sikubaliani. Harusi zina msimu. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza karibu siku moja, mwanzoni mwa Machi, na Pasaka ikawa Aprili 20. Machi nzima waislamu wamefunga, wakristo wengi hawafungi ndoa mpaka Pasaka, na kodi ya nyumba haifungi chochote. Jamaa mwenye studio alikuwa anapiga CV na familia kama kawaida. Dada, hamia studio.

MamaLensi
Hapo kwenye Machi umenigusa. Nilikuwa naangalia simu kama imezima.

Shangazi wa Vikao
Mimi nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi, nikueleze kinachotokea ndani. Michango haifiki tulipopanga, kwa hiyo tunaanza kulipa anayeweza kutuaibisha. Ukumbi utafunga mlango. Mpishi hatapakua. Mpiga picha atakuja tu, maana ameshapokea advansi na hatuoni atafanya nini. Baada ya harusi kinachobaki tunakinywa siku ya kuvunja kamati, na kuanzia kesho yake hakuna tena mtu anayeitwa mwenyekiti.

Kwa hiyo mdogo wangu, usifanye kazi na kamati. Mkataba asaini bwana harusi au mzazi, mtu mwenye jina na saini. Balansi iingie wiki moja kabla ya siku yenyewe. Andika pia saa ya kuondoka: baada ya keki na zawadi unaaga, wakitaka mpaka mwisho wanaongeza hela pamoja na usafiri wako wa kurudi. Watalalamika kwenye kikao, watakuita mwenye maringo, na watalipa.

Hiyo albamu usiitoe.

Fundi Flashi
Naongezea kitu ambacho wanaume tuliomo humu hatukipati. Kitchen party hatuingii. Singo, ile ya wanawake kumsinga bibi harusi, ndiyo kabisa. Harusi nyingi za kiislamu ukumbi wa wanawake wanatafuta mpiga picha mwanamke na hawampati. Shughuli hizo nyingi zinaisha mapema, na anayelipa mara nyingi ni mama au shangazi wa mtu, si kamati. Ningekuwa wewe, ukumbi wa usiku ningeuachia vijana, wanawake ningewashika.

Ila kwenye singo uwe na siri. Wale wamejifunua kwa sababu wamekuamini, picha moja ikivuja umekwisha mji mzima. Hata za kawaida, usiweke sura ya mteja kwenye tangazo lako bila idhini ya maandishi. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Halafu fremu: dirisha linaangalia wapi?

MamaLensi
Shangazi, mkataba naandika upya leo hii. Fundi, singo nimeshapiga za majirani bure, sikuwahi kufikiria kuitangaza kama kazi. Dirisha liko upande wa barabara, magharibi. Kwa nini?

Fundi Flashi
Magharibi jua la saa kumi litaingia moja kwa moja usoni mwa mteja, na joto la Sinza unalijua, poda itateremka kabla hujaweka fokasi. Tafuta dirisha la kusini. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana kwa hapa Dar linapita kaskazini, kwa hiyo la kusini linakupa mwanga laini bila kuwasha taa, na umeme ukikatika unaendelea na kazi.

Kipanga Tabata
Na usitoe miezi sita. Mwambie mwenye nyumba mitatu, wengi wanakubali ukiwaonyesha hela.

MamaLensi
Kuna chumba cha nyuma kwenye jengo hilo hilo, bei ya chini, hakina barabara. Kesho naenda na dira ya kwenye simu.