Vidani vya fedha vya herufi za Kiarmenia: niagizeje bila kukosea?

Kisimani
Habari wakuu. Shemeji yuko Yerevan, mji mkuu wa Armenia, anarudi mwezi ujao. Nataka aninunulie vidani vitatu vya fedha, kila kimoja na herufi ya kwanza ya jina: Saida, Omari na Bahati. Pia komamanga la udongo la sebuleni. Hatusomi Kiarmenia, si yeye si mimi. Tumwonyeshe nini muuzaji, na fedha halisi tutaijuaje?

Karani_wa_Herufi
Msimtajie jina akisie. Mtumie shemeji picha ya herufi yenyewe kwenye simu.

Saida ni Ս. Inafanana na U yetu, lakini hiyo ndiyo S yao. Kosa hutokea kwenye kipete cha kupitishia mkufu: kikichomelewa upande usio wake, kidani kikining'inia Ս inageuka Ո, herufi nyingine kabisa. Ashike mkufu, akiache kidani kining'inie, ndipo alinganishe na picha.

Omari ni Օ, ya duara. Akisema tu "o" anaweza kupewa Ո, maana ndiyo hubeba sauti hiyo katikati ya neno. Mwanzoni mwa neno husomwa "vo", na Omari anakuwa Vomari. Mtego huohuo uko kwa akina Esta: watake Է, si Ե, ambayo mwanzoni husomwa "ye".

Bahati ni Բ, kwa kuwa ananunua Yerevan. Ingekuwa kwa sonara wa Beirut au Istanbul, wenye Kiarmenia cha magharibi, Բ husomwa P na B huwa Պ. Ndiyo maana majedwali ya mtandaoni yanapingana.

Sonara_Pwani
Fedha: tafuta chapa 925 nyuma ya kidani au kwenye kipete. 875 nayo ni fedha, kiwango cha enzi za Kisovieti, sehemu 875 kwa 1000. Ukiona МНЦ, weka chini: ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, hauna fedha hata chembe, na nikeli huwasha ngozi za wengi. Sumaku haitakusaidia hapo, kwani mchanganyiko huo haunaswi, kama fedha isivyonaswa.

Soko la Vernissage, karibu na Uwanja wa Jamhuri, hujaa zaidi Jumamosi na Jumapili. Aende mapema apate muda wa kugeuza kila kitu.

Kisimani
Shukrani sana. Picha alizotuma zina weusi kwenye mifereji ya michoro. Niusafishe?

Sonara_Pwani
Hapana! Weusi huo umewekwa makusudi ili mchoro uonekane. Ile njia ya foili, magadi na maji ya moto huurudisha kuwa fedha nyeupe, na herufi inapotea machoni. Dawa ya meno inakwangua, Jik inaichafua fedha vibaya zaidi. Tumia maji vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo na mswaki laini wa mtoto, kisha kausha kwa kitambaa cha pamba hadi ndani ya mifereji. Kwa unyevu wa pwani, hifadhi kwenye kifuko cha zipu pamoja na kipande cha chaki.

Mfinyanzi_K
Komamanga ni chaguo zuri: kwao ni ishara ya uzazi na neema, na sisi tunalijua kutoka Suratu Rahman. Achukue la udongo uliochomwa. Yale matunda halisi yaliyokaushwa huota ukungu huku kwetu.

Kinachovunjika kwanza ni taji. Asilifunge kwa karatasi moja kwa moja. Azungushie soksi ya pamba shingoni mwa taji mpaka ilingane na ncha zake, ndipo afunge lote kwa nguo na kulibeba mkononi, si kwenye begi la chini ya ndege.

Akishawishika na zulia la zamani, aulize kwanza kibali cha wizara cha kulitoa nchini. La jipya, atunze risiti.