"Esau nimemchukia": tumjibu nini mama mwenye mapacha?

Jumatano moja hapa Mwanza, kwenye somo la Biblia la jioni, tulifika Warumi 9. Mwalimu akasoma mstari wa 13, "Nimempenda Yakobo, bali Esau nimemchukia," akafunga kitabu, akatuambia kwamba Mungu ana walio wake na ana wasio wake, na kwamba hayo yalikwisha kuamuliwa kabla mtu hajatoka tumboni. Nyuma karibu na mlango alikaa mama mmoja kijana aliyejifungua mapacha miezi michache iliyopita. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni kwa shangazi yake, wa pili ananyonya. Mama akanyoosha mkono: "Mwalimu, si Esau na Yakobo walikuwa Kulwa na Doto? Sasa Kulwa alichukiwa angali tumboni, kwa kosa gani?" Akajibiwa kwamba udongo haumhoji mfinyanzi. Ni kweli, maneno hayo yamo, mistari minane tu mbele. Lakini nilimwona alivyomwinamia yule wa kifuani, akamvutia khanga kichwani, na hakusema neno tena mpaka tukatawanyika.

Swali lake halijaniacha, ndiyo maana nalileta tulijadili kwa uwazi: katika Maandiko ya Kikristo, upendo wa Mungu na chuki ya Mungu vinaweza kukaa pamoja? Msimamo wangu nausema mapema ili mnipinge vizuri. Vinakaa pamoja, tena kwa watu wale wale. Ila havilingani. Chuki hiyo huzaliwa na upendo uliojeruhiwa, na upendo ndio unaobaki na neno la mwisho.

Najua wengi mtaniambia mbona jibu liko wazi, Mungu huchukia dhambi lakini humpenda mwenye dhambi. Kauli hiyo nimeisikia madhabahuni mara nyingi, na wapo wanaoamini ni mstari wa Biblia. Si mstari. Maneno yanayokaribiana nayo yako katika barua ya Augustino, askofu wa kale wa Hippo, kwa watawa wa kike, na pale anawaelekeza namna ya kuonyana wao kwa wao. Hakuwa akieleza moyo wa Mungu. Zaburi 5:5 yasema, "Unawachukia wote watendao ubatili." Wote watendao, yaani watu. Zaburi 11:5 yasema nafsi ya Bwana "humchukia asiye haki." Hata Mithali 6, ile orodha ya vitu sita, naam saba, huanza na viungo vya mwili: macho ya kiburi, ulimi wa uongo, mikono imwagayo damu. Halafu ukifika mwisho unakuta mtu mzima kasimama pale: shahidi wa uongo, na yule apandaye mbegu za fitina kati ya ndugu. Tusiyasafishe Maandiko ili yatupendeze.

Kuna wengine hupita upande wa pili. Husema "kuchukia" katika Biblia ni kupenda kidogo tu. Hawa wana hoja, na nataka kuitendea haki. Mwanzo 29:31, katika Biblia yetu ya Union Version, yasema Bwana aliona kwamba Lea "hakupendwa". Neno la Kiebrania pale ni lile lile la nabii Malaki kuhusu Esau, ambaye Warumi 9:13 inamnukuu: sane, kuchukia. Watafsiri wetu wakampa Lea "hakupendwa" na Esau wakampa "nimemchukia". Mstari mmoja nyuma tumeshaambiwa kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, kwa hiyo maana iko wazi: mke aliyewekwa wa pili. Na Yesu katika Luka 14:26 asemapo kwamba asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake, Mathayo 10:37 hulieleza jambo hilo hilo kwa maneno ya kupenda baba au mama kuliko yeye. Sawa. Ila ufunguo huu haufungui kila mlango. Huwezi kuusoma Zaburi 11 ukasema Mungu humpenda kidogo mwenye kupenda udhalimu. Wala Malaki haishii kwenye kuwekwa wa pili, kwani anaendelea na milima iliyofanywa ukiwa.

Hapa kwa Malaki ndipo nawaomba tusimame kidogo, maana ndipo somo letu la Jumatano lilipoteleza. Fungueni Mwanzo kuanzia sura ya 25 mtafute ni wapi Mungu anasema amemchukia Esau. Hakuna. Rebeka anaambiwa kwamba mkubwa atamtumikia mdogo, basi. Esau anakua, anaonewa, analia kwa sauti, halafu katika sura ya 33 tunamkuta ana watu 400 nyuma yake na mali tele, anamkimbilia ndugu yake, anamwangukia shingoni na kumbusu. Katika Kumbukumbu la Torati 2:5 Mungu mwenyewe anawakataza Israeli wasichukue hata pa kukanyaga katika nchi ya Esau, kwa sababu mlima Seiri amempa yeye. Na 23:7-8 inawaambia wasimchukie Mwedomi, yaani mzao wa Esau, kwa kuwa ni ndugu yao, na kizazi chake cha tatu kiruhusiwe kuingia katika mkutano wa Bwana.

Kwa hiyo neno "nimemchukia" linakuja karne nyingi baada ya Esau kuzikwa. Linasemwa na Malaki, kwa watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli wakiwa wamechoka, wanamuuliza Mungu amewapenda kwa lipi. Na Edomu wanaoizungumzia ni taifa lililotenda jambo. Yerusalemu ilipoanguka mwaka 586 KK, Waedomi walishangilia wakitaka mji ubomolewe hadi misingini. Zaburi 137 inawakumbuka kwa hilo. Obadia anawashtaki kwamba walisimama njia panda kuwakatilia mbali waliokuwa wakikimbia. Waliokimbia walikuwa ndugu zao wa damu. Hiyo ndiyo chuki ya Malaki 1: hukumu juu ya waliomgeuka ndugu yao akiwa chini. Yule mama alipouliza "kwa kosa gani?", jibu lilikuwepo, na halikuwa kosa la mtoto tumboni.

Mtanijibu kwamba Paulo anasema wazi katika Warumi 9:11 kwamba watoto walikuwa hawajazaliwa wala hawajatenda jema wala baya. Ni kweli, na siupunguzi mstari huo. Lakini kilichosemwa kabla ya kuzaliwa, kwa mujibu wa mstari wa 12, ni kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Ni habari ya nani atabeba ahadi. Neno la chuki Paulo analileta baadaye kwa "kama ilivyoandikwa", yaani anamnukuu Malaki. Tena hoja yake haiishii sura ya 9. Inakwenda mpaka 11:32, ambapo Mungu amewafunga wote katika kuasi ili awarehemu wote. Mwalimu wetu alifunga kitabu mapema mno.

Sasa Hosea. Huyu ndiye aliyenigeuza, kwa sababu kwake huwezi kusema wanaopendwa ni hawa na wanaochukiwa ni wale. Ni Efraimu yule yule, yaani ufalme wa Israeli wa kaskazini. Katika 9:15 Mungu anasema huko Gilgali aliwachukia, atawafukuza nyumbani mwake, hatawapenda tena. Soma polepole: hatawapenda tena. Geuza ukurasa mmoja, sura ya 11, unamkuta Mungu huyo huyo anakumbuka alivyomfundisha Efraimu kwenda kwa miguu na kuwachukua mikononi. Mzazi yeyote aliyewahi kuinama akishika vidole viwili vya mtoto anayejaribu kusimama anaijua picha hiyo. Kisha sauti inakatika: "Nikuacheje, Efraimu?" Na sababu anayoitoa ya kutowaangamiza ni hii: "Mimi ni Mungu, wala si mwanadamu." Ikifika 14:4 anaahidi kuwapenda kwa ukunjufu wa moyo, kwa maana hasira yake imegeuka.

Kiswahili chetu chenyewe kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Mtu akisema "mama amechukia," hatuelewi kwamba mama hamtaki tena mwanawe. Tunaelewa ameudhika, amenuna, kaumia kwa alichofanyiwa. Lakini tukisema "yule ana chuki", hiyo ni habari nyingine, ni kinyongo kilichoota mizizi. Mungu wa Hosea amechukia. Sijaona mahali anapoonekana mwenye chuki ya namna hii ya pili.

Zamani alikuwepo Marcion, mtu wa Sinope, aliyeona haya yote hayapatani, akafundisha miungu wawili: mkali wa Agano la Kale na mwema wa Yesu. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Naona lilifanya vyema, kwa kuwa Agano Jipya nalo halina Mungu mpole tu. Yohana 3 ina mstari wa 16 tunaouimba, na ina wa 36, kwamba asiyemwamini Mwana "ghadhabu ya Mungu inamkalia." Sura moja, mwandishi mmoja.

Augustino, katika mahubiri yake juu ya Yohana, alisema kwamba kwa namna ya ajabu ya Kimungu Mungu alitupenda hata alipokuwa akituchukia. Alichukia tulichojifanya, akapenda alichokiumba yeye. Hata John Calvin, ambaye ndugu zangu wa upande wa mwalimu humtaja sana, aliyanukuu maneno hayo kwa kuyakubali. Na Wakatoliki wana mstari wa Hekima 11:24, unaoimbwa mwanzoni mwa Misa ya Jumatano ya Majivu, kwamba Mungu hachukii chochote alichokiumba. Waprotestanti hatuna kitabu hicho katika Biblia zetu, lakini Warumi 5:10 tunayo: tulipatanishwa na Mungu tulipokuwa adui zake. Alipatana na adui. Kama uadui ungekuwa unaufuta upendo, Msalaba usingekuwepo.

Kinachoniuma ni matumizi. Nimesikia mistari hii ikielekezwa kwa binti aliyepata mimba, kwa mlevi wa mtaani, kwa kabila la jirani. Yesu katika Mathayo 5 anataka tufanane na Baba kwa jambo moja, kuwapenda adui, na mfano anaoutoa ni jua linalowaangazia waovu na wema. Daudi katika Zaburi 139 anajisifu kuwachukia wanaomchukia Mungu, halafu papo hapo anamwomba Mungu amchunguze moyo. Hukumu ya Mungu juu ya mtu hatukukabidhiwa sisi tuitekeleze.

Hoja yangu ina mahali pa kupigwa, nami napaonesha mwenyewe. Malaki 1:4 inasema hasira ya Bwana juu ya Edomu ni ya milele. Kwa Efraimu nimewaonesha mlango uliofunguliwa tena, kwa Edomu uko wapi? Ninachoweza kukileta ni Amosi 9:12, inayotaja mabaki ya Edomu wakimilikiwa chini ya nyumba ya Daudi. Wapo wasemao huko ni kutekwa vitani tu. Lakini katika Matendo 15 mitume wanapobishana kama watu wa mataifa waingie, unabii huo huo unasomwa kuwafungulia mlango, na badala ya Edomu tunasoma "wanadamu waliosalia". Aliyesimama kuusoma anaitwa Yakobo.

Jumatano ijayo nitamfungulia yule mama sura hiyo. Anayeona nimekosea anioneshe mstari kabla ya hapo.