Mwalimu wa Bharatanatyam hajanifundisha ngoma hata moja mpaka leo, niendelee naye au nihame?

Binti_Raskazone

Habari zenu wadau. Mimi ni wa Tanga ila kwa sasa niko Chennai, India, nasoma famasia, na naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kusoma dansi za kiasili za Kihindi, siyo zile za kwenye filamu, naongelea Bharatanatyam.

Rafiki yangu wa hosteli alinipeleka kwenye arangetram ya binamu yake, ile siku mwanafunzi anapanda jukwaani peke yake kwa mara ya kwanza. Yule binti alicheza karibu masaa mawili, mwalimu wake kakaa pembeni na matoazi, mridangam (ngoma ya kupigwa pande mbili) na fidla zinaenda naye hatua kwa hatua, mi nikasema basi, hiki kitu lazima nikijue.

Nikapata mwalimu mtaa wa Mylapore, mama mtu mzima, anafundishia nyumbani kwake na amefundisha tangu sijazaliwa. Darasa lenyewe liko hivi: unavua viatu, unafunga sari ya pamba ya mazoezi juu ya suruali, unafanya namaskaram, ile salamu ya heshima ya kufungulia, halafu unakaa araimandi, yaani magoti umeyafungua kwa nje, umeshuka nusu, mgongo wima, na unapiga nyayo chini. Mwalimu kakaa sakafuni anagonga kijiti kwenye kibao cha mbao, tei-ya-tei, tei-ya-tei, kwanza polepole kisha kasi mara mbili kisha mara mbili tena. Ukiinuka kidogo tu kijiti kinasimama, darasa zima linasimama, anasema "shuka", mnaanza upya. Na ni hivyo hivyo kila siku, miezi sasa, ngoma yenyewe hata moja sijafundishwa!

Sasa kuna studio karibu na chuo wanatangaza arangetram ndani ya mwaka mmoja, kifurushi kamili, ukumbi, mavazi, vito, picha, kila kitu. Nimebakiza kama miaka miwili hivi nirudi nyumbani na natamani nirudi na kitu mkononi. Nifanyeje? Halafu magoti yananiuma hasa la kulia, na mimi ni Muislamu, ile namaskaram na sanamu ya Nataraja (mungu Shiva akicheza) kwenye kona vinanipa maswali ambayo sijamuuliza mtu. Naombeni mnijibu kwa uzoefu, msinicheke.

Njuga_Kazi

Hakuna wa kukucheka hapa mdogo wangu, umeuliza la maana. Mimi nimesoma Chennai hiyo hiyo, sasa niko Nairobi nafundisha watoto, na jibu langu ni USIHAME.

Hicho unachopigishwa ni tatta adavu, kundi la kwanza kabisa la adavu, yaani hatua za msingi, na ngoma zote utakazokuja kucheza zimeshonwa kwa adavu. Angalia anachokufanyia na kijiti: kasi ya kwanza pigo moja kwa kila hesabu, ya pili mawili, ya tatu manne, lakini hesabu yenyewe haikimbii hata kidogo, ni miguu yako ndiyo inayojazwa ndani yake. Ukija kufika kwenye varnam, ngoma kubwa ya katikati ya onyesho, ambayo inaweza kwenda nusu saa na zaidi bila kupumzika, mwalimu atatamka mfululizo mrefu wa mapigo na miguu yako iutoe wote mpaka itue pale pale wimbo unapoanzia tena, wakati huo huo uso unaigiza mwanamke anayemsubiri mpenzi wake. Ukiwa bado unawazia goti liko wapi, uso hauna nafasi. Ni kama chuoni tu, huanzi juzuu hujamaliza alifu kwa kijiti.

Kwa mazoea ngoma ya kwanza utakayopewa ni alarippu. Ni fupi, dakika chache, haina hadithi wala maneno ya wimbo, ni macho, shingo, mabega na mwili kufunguka kidogo kidogo. Wengi wanaidharau kwa ufupi wake. Mimi naweza kukaa ukumbini nikaangalia alarippu tu nikajua huyu mtoto ametoka kwa nani na alilelewa vipi, kwa sababu haina pa kujifichia.

Muulize mwalimu wako kwa adabu alisoma kwa nani. Hilo swali Chennai halimuudhi mtu, wanalipenda. Huko kila mwalimu ana ukoo wake wa dansi, Pandanallur, Vazhuvoor, Kalakshetra na kadhalika, na mwenye uzoefu wa kweli atakutajia mpaka mwalimu wa mwalimu wake. Mpangilio wa onyesho uliouona, kuanzia alarippu mpaka tillana ya kufungia, kwa sehemu kubwa unatokana na ndugu wanne wa Thanjavur walioishi karne ya 19, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu. Rukmini Devi Arundale alisoma kwa Meenakshi Sundaram Pillai wa Pandanallur, na 1936 akaanzisha Kalakshetra, chuo cha sanaa hapo Chennai. Hapo Kalakshetra diploma ni miaka minne, tena wanafunzi wanashinda humo kutwa nzima. Sasa linganisha mwenyewe na huo mwaka mmoja wa jioni jioni baada ya lecha.

Na hiyo studio waulize kitu kimoja tu: siku ya arangetram nani atakaa na matoazi? Kama mwalimu anayekufundisha ndiye atakayekaa kuongoza, sawa, tuongee. Wakikwambia wanakodi mtu, ujue atakayekuongoza jukwaani hajawahi kuisikia miguu yako mazoezini.

Fizio_Kisauni

Mimi dansi siijui ila magoti ndiyo kazi yangu ya kila siku, na nimewahi kutibu wachezaji kadhaa wa hii dansi hapa Mombasa, kwa hiyo nitasema la magoti tu.

Ukishuka araimandi angalia chini: goti lielekee kule kule vinapoelekea vidole vya mguu. Kama vidole vimetazama nje kabisa lakini goti linaingia ndani, unalazimisha mguu ugeuke kwa goti na goti halikuumbwa kugeuka hivyo. Kugeuka kunatoka kwenye nyonga. Punguza kufungua miguu, hata kama pembeni yako kuna mtoto wa miaka 9 aliyefunguka kama mlango, yeye ameanza nyonga zikiwa bado laini. Utaongeza taratibu.

Sakafu nayo ni ya kuangalia. Marumaru juu ya zege hairudishi chochote, kila pigo linapanda kwenye muundi na goti, na nyie mnapiga peku. Kama nyumbani unajizoeza kwenye marumaru, tafuta pa mbao au punguza nguvu ya kupiga na ubakize hesabu tu. Pasha misuli kabla, na usishuke chini kabisa ukiwa wa baridi. Uchovu wa mapaja na nyayo kuchoma ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti, goti kuvimba au kukwama siyo kawaida, simamisha ukaonwe, tena wewe uko mji wenye hospitali kubwa, usikae nalo ati unavumilia.

Shangazi_Upanga

Binti Raskazone, la dini wengi wanaliogopa kulijibu, mimi nitasema ninavyojua na uamuzi utabaki wako.

Namaskaram ya mwanzo, mchezaji anagusa ardhi na kuiomba radhi kwa sababu anakwenda kuipiga kwa miguu, halafu anatoa heshima kwa Mungu, kwa mwalimu na kwa waliohudhuria. Sitakudanganya kuwa ni mazoezi ya viungo tu. Hii dansi ilikuwa ya wanawake waliowekwa wakfu mahekaluni na kucheza pia mbele ya wafalme, na nyimbo zake nyingi ni za miungu ya Kihindu, Shiva, Krishna na Murugan. Jina lenyewe Bharatanatyam lilishika miaka ya 1930, zamani waliita sadir. Kwa hiyo wanaokwambia haina uhusiano wowote na dini wanakurahisishia.

Lakini pia siyo kweli kwamba asiye Mhindu hana nafasi. Leela Samson, mmoja wa wachezaji wakubwa na aliyekuja kuongoza Kalakshetra yenyewe, baba yake alikuwa Myahudi na mama yake Mkatoliki. Tiruchirappalli, huko huko Tamil Nadu, kuna Kalai Kaviri, chuo cha sanaa kilichoanzishwa na Wakatoliki na kinafundisha hii hii Bharatanatyam. Nenda kwa mwalimu wako peke yako, siyo mbele ya darasa, mwambie "mwalimu mimi ni Muislamu, hiki naweza kukifanya na hiki siwezi". Mwalimu aliyefundisha miaka yote hiyo ameshaulizwa hilo zamani. Jinsi atakavyokujibu itakusaidia kujua kama ni wa kubaki naye.

Ukiona haiwezekani kabisa, iangalie Kathak, dansi ya kiasili ya kaskazini mwa India. Mimi nimesoma Kathak hapa Dar. Iliwahi kulelewa kwenye kasri za Waislamu, Nawabu Wajid Ali Shah wa Lucknow alikuwa mpenzi wake mkubwa karne ya 19, na mpaka leo kuna kipande kinaitwa salami, mchezaji anaingia na kutoa salamu. Nayo ina nyimbo nyingi za Krishna, nisikufiche. Ila miguu yake inasimama wima, haikai araimandi, magoti yako yatakushukuru.

Kijana_wa_Pune

Natofautiana kidogo na wakubwa hapa. Uzoefu peke yake siyo cheti. Kuna walimu wamefundisha miaka 40 na kazi yao ni kutukana, au mwanafunzi hapandi mpaka wazazi watoe pesa. 2023 wanafunzi wa chuo kimoja kikubwa cha dansi Chennai waliandamana kulalamikia unyanyasaji wa kijinsia, kwa hiyo hii habari ya "mheshimu guru usiulize" ina mwisho wake. Mwalimu akisimamisha darasa kwa sababu umeinuka, huyo anafundisha. Akikushika unavyokosa raha, akikudhalilisha mwili wako au rangi yako, ondoka siku hiyo hiyo, hata kama ukoo wake unafika kwa hao ndugu wanne.

Binti_Raskazone

Asanteni sana, kweli mmenifungua. Kijana, huyu mama hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja, ni mkali wa kijiti tu. Nimeongea naye leo baada ya darasa. La dini kasema niguse ardhi tu inatosha, na ngoma nitakazofundishwa tutachagua pamoja, na kuna wimbo mmoja wa mama na mtoto anautaka mimi niufanye mbeleni. Kuhusu kuhama hakusema neno, kaniambia nije kesho nusu saa mapema tuangalie hilo goti. Kwa hiyo nabaki. Ila nikirudi Tanga nitaendeleaje? Kwa video inawezekana? Na njuga nizinunue huku kabla sijaondoka?

Njuga_Kazi

Safi sana. Kwa video inawezekana ukiwa umeshaondoka na adavu zote mwilini, ndiyo maana nakwambia usikimbilie ngoma. Tatizo la video ni kuchelewa kwa sauti, yeye akigonga kijiti Chennai wewe Tanga unakisikia baadaye, na miguu yako inamfikia imechelewa tena, mtagombana bure. Wanachofanya wengi ni kumwomba mwalimu arekodi kijiti na sauti yake kwa kasi zote tatu, unapiga juu ya rekodi, unajirekodi mzima kuanzia kichwani mpaka nyayo, unamtumia, anarudisha masahihisho. Anza kumrekodi sasa hivi ukiwa naye, kwa ruhusa yake.

Desemba hii usiende popote. Huo ndio msimu wa muziki na dansi Chennai, kumbi zinajaa, na maonyesho mengi ya asubuhi na mchana huwa ni bure. Nenda na daftari, kaa mbele, angalia miguu.

Njuga zinapatikana hapo hapo Mylapore kwenye maduka ya vifaa vya dansi kuzunguka hekalu la Kapaleeshwarar, ila usinunue kwanza. Walimu wengi wana siku maalumu ya kumfunga mwanafunzi njuga kwa mara ya kwanza na wanapenda kuchagua wenyewe, safu ngapi, za ngozi au za kamba. Muulize yeye, akisema ukanunue, omba za ngozi zilizoshonwa kila kengele kwa uzi wake, ukiitikisa moja isidondoke.